Sauti ya pili pale Azania Front

Karatasi ilikuwa ndani ya Biblia ya mama, upande wa Zaburi, imekunjwa mara nne hadi mikunjo ikatoboka. Ina mistari minneminne ya herufi za mkono: d, r, m, f, s, l, t, na katikati yake nukta mbilimbili na vistari. Mtu asiyewahi kukaa kwenye kwaya angedhani ni hesabu za duka. Kila mstari wa pili umepigiwa penseli, na pembeni mama ameandika neno moja tu, "taratibu".

Mama aliimba sauti ya pili zaidi ya miaka thelathini. Alizaliwa milimani Lushoto, akaja Dar es Salaam akiwa bibi harusi, na baada ya kupata chumba cha kupanga Magomeni kitu alichokitafuta kilikuwa kwaya. Hakuwa na cheti cha muziki wala hakuwahi kugusa kinanda. Lakini ukimpa karatasi kama hii, akaikodolea macho kidogo, midomo ikicheza, wimbo unatoka. Nota hizi za herufi zilienezwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, aliyetaka watu wa kawaida waweze kusoma muziki bila gharama kubwa. Wamisionari wakazibeba hadi Afrika, na leo ukiingia kwenye mazoezi ya kwaya Mbeya, Bukoba au Kinondoni utazikuta zimetolewa fotokopi, zimechafuka jasho la vidole.

Kanisani kwetu kulikuwa na spika mbili kubwa mbele na mbili nyuma. Zilinunuliwa kwa harambee, tukazipigia makofi. Tangu siku hiyo kila kwaya ilipopanda kuimba, fundi mitambo aliongeza sauti mpaka madirisha yanatetemeka, na mwimbaji aliyeshika maiki ndiye aliyekuwa kwaya nzima. Mama hakulalamika hadharani. Ila siku moja alirudi kutoka jijini, alikokwenda kuimba na kwaya za sharika nyingine kwenye kanisa la Azania Front, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda, akaniambia: "Kule kwetu naimba nasikia spika. Leo nimeimba nikasikia kwaya."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikuelewa, na nina huzuni kwamba sikumuuliza.

Mwaka mmoja baada ya kumzika, mwenzake wa kwaya alinitumia ujumbe: Jumamosi kuna jioni ya uimbaji Azania Front, kwaya tatu na vijana wa ala za nyuzi, hakuna kiingilio. "Njoo mapema usikie mazoezi, mwanangu. Mazoezi ndiyo matamu." Nikaitia ile karatasi kwenye mkoba, nikapanda mwendokasi, nikashuka Posta ya Zamani.

Nimepita mbele ya kanisa lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ninyi pia. Ukitembea Barabara ya Sokoine huwezi kulikosa: kuta nyeupe, mnara, paa la vigae vyekundu, na juu ya madirisha vijipaa vidogo vya vigae hivyohivyo vya kukinga jua. Hivyo vijipaa navipenda kuliko mnara. Nyumba yote imechorwa kwa kumbukumbu ya Ujerumani, nchi ya baridi, lakini mtu fulani alisimama kwenye jua hili la saa saba mchana akakubali kwamba hapa si kwao, dirisha linahitaji kofia.

Wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga mwaka 1898, likakamilika 1902. Mji wenyewe ulikuwa mchanga. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860 pembeni ya kijiji cha Mzizima, akafa 1870 kabla haujasimama sawasawa. Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, wakihama Bagamoyo. Hatua chache kutoka hapo, kwenye barabara hiyohiyo, Wabenediktini walikuwa wakijenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu karibu miaka ileile. Minara miwili ya madhehebu mawili ikapanda pamoja, yote ikitazama bandari, ili anayeingia kwa meli aione kwanza.

Na jina? Azania ni jina ambalo mabaharia wa Kiyunani walilitumia kwa pwani hii ya kwetu. Limo katika kitabu chao cha mwongozo wa safari za bahari cha karne ya kwanza baada ya Kristo. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 na kukaa, barabara ya ufukweni ikaitwa Azania Front. Baadaye barabara ikawa Kivukoni, jina la watu wake, lakini kanisa likabaki na la zamani. Napenda kwamba jina lililoandikwa na mabaharia wa Kiyunani linatajwa leo na konda bila kufikiri. Tangu mwaka 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), nyumba hii imekuwa mikononi mwa wenyewe, na ni kanisa kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani.

Niliingia saa tisa na nusu. Ndani kuna ubaridi wa kuta nene, ule unaoupata kwenye shingo kwanza. Kwaya ya kwanza ilikuwa mbele, watu kama arobaini, wengine bado wamevaa nguo za kazini. Mmoja ana fulana ya kampuni ya ulinzi, mama mmoja amemlaza mtoto kwenye benchi juu ya kanga. Mwalimu wa kwaya, mwembamba, mikono mirefu, hakuwa anaimbisha. Alisimama katikati ya njia, akapiga kofi moja.

Pa!

Akainua kidole. Kofi likapanda, likazunguka, likarudi, likafifia. Akapiga tena. "Mmesikia? Hiyo ndiyo sauti ya tano. Ipo hapa kabla yenu. Mkiikimbilia itawavuruga, mkiisubiri itawasaidia. Besi, rudini nyuma hatua mbili. Sauti ya kwanza, msinipigie kelele, hapa hakuna mtu kiziwi."

Wakaimba ubeti mmoja. Ukawa uji. Maneno yote yalirundikana hewani, huyu anaanza mstari mwenzake hajamaliza. Akawasimamisha. Akawaambia wakate pumzi mapema kidogo mwisho wa kila mstari, wauachie ukuta umalizie. Wakarudia mara tatu, nne. Mara ya tano nikasikia kitu nilichokuwa nimekisoma usoni mwa mama miaka ile: sauti nne zimesimama kila moja mahali pake, na juu yake mwangwi umekaa kama kitambaa safi juu ya meza.

Kijana wa mitambo alikuwa amekwisha panga spika zake mbili ndogo pembeni. Mwalimu akamwita kwa adabu: "Kaka, naomba hizo ziwe za msemaji tu. Waimbaji hawatazihitaji." Kijana akataka kujua watu wa nyuma watasikiaje. Mwalimu akamwambia aende akakae nyuma. Akaenda, akakaa benchi la mwisho, kwaya ikaimba kwa sauti ndogo kabisa, ile ya kumbembelezea mtoto. Kijana akarudi polepole, akachomoa waya mmoja, akauzungushia mkononi bila kusema neno.

Nimekuwa nikifikiria kwa nini Kiswahili kinakaa vizuri hivi ndani ya nyumba ya mawe. Nadhani ni irabu. Karibu kila silabi yetu inaishia kwa irabu, mlango uko wazi, na mwangwi unapenda milango iliyo wazi. Ukiimba neno linalofungwa kwa konsonanti, unabaki na kishindo kinachorukaruka ukutani. Ukiimba "amani", kinachorudi ni i nyembamba inayochelewa kuondoka.

Lakini hapohapo ndipo penye jeraha la zamani, na waimbaji wote wanalijua hata kama hawajalipa jina. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho: u-PE-ndo, wo-KO-vu. Tenzi za Kijerumani mara nyingi hufunga mstari kwa silabi nzito, tuni inashuka na kutua kwa uzito wote mwishoni. Wamisionari walikuja na tuni zimekwisha kamilika, wakaingiza maneno ya Kiswahili ndani yake, na mzigo ukaangukia mahali pasipo bega. Tukaimba upe-NDOO, woko-VUU, kizazi hadi kizazi. Mimi nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kuna maneno ya mtaani na maneno ya kanisani, na ya kanisani hutamkwa kinyume. Sisemi kwamba tenzi zile ni mbaya. Mama alizipenda, nilizisikia tangu nikiwa tumboni, na tulimzika kwa mojawapo. Ninachosema ni kwamba kwa miaka mingi lugha yetu iliimba ikichechemea, na tukauona mchechemeo ule kuwa ndio utakatifu.

Kwa hiyo jioni ile, kwaya ya pili ilipoanza "Mfurahini, Haleluya", niliinuka kwenye benchi kabla sijajua kama nimeinuka. Wimbo huu uliandikwa mwaka 1966 na mchungaji Bernard Kyamanywa, wa upande wa Bukoba, kwa tuni ya Kihaya. Sikiliza maneno yanavyotua. Hakuna anayesukumwa. Tuni imezaliwa na watu wanaosema kwa namna hiyo, kwa hiyo neno linaingia kama mkono kwenye mkono wa kanzu yake. Na haukubaki hapa. Miaka mitatu baadaye Ulrich Leupold, mtaalamu wa muziki wa kanisa, aliufanya kuwa wimbo wa Kijerumani, na leo uko kwenye kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Sikukuu ya Pasaka, mahali fulani Berlin, watu wamesimama na makoti yao wanaimba tuni ya Kagera.

Walituletea nyumba, tukawapelekea wimbo. Niliwaza hivyo nikiwa nimesimama chini ya paa lao, na sikuona kama ni malipizi. Niliona ni haki tu, kama jirani aliyerudisha bakuli likiwa na kitu ndani.

Niseme kuhusu jioni yenyewe, ingawa mwenye ujumbe alisema kweli, mazoezi yalikuwa matamu zaidi. Kufika saa kumi na mbili kanisa lilikuwa limejaa. Walikuwepo waumini wenye vitenge vya sare, wanafunzi wa vyuo, wazungu kadhaa, na familia moja ya Kihindi iliyokaa karibu na mlango. Vijana wa ala za nyuzi walianza, fidla nne na chelo moja. Binti wa chelo alikuwa ameweka gazeti chini ya ncha ya ala yake ili isiteleze. Dirishani kulikuwa na honi za daladala na upepo wa bahari. Katikati ya kwaya ya kwanza na ya pili adhana ya magharibi ikaingia kutoka mitaa ya nyuma, mwalimu aliyekuwa ameinua mikono akaishusha, watu arobaini wakasubiri kimya hadi ikaisha. Kisha akaipandisha tena. Hakuna aliyetangaza chochote. Hii ni Dar es Salaam, kila mtu alijua la kufanya.

Kinanda kile kikubwa cha mabomba, kilichoundwa kwa mikono, kilipigwa mara moja tu, wimbo wa tatu. Nilitamani kipigwe zaidi. Sauti yake ya chini huisikii kwa sikio, unaisikia kwenye ubao wa benchi ulilokalia.

Baada ya wimbo wa kwanza kukatokea kimya cha aibu kidogo. Watu hawakujua, hapa tunapiga makofi au hatupigi? Ni ibada au ni onyesho? Ndipo mama mmoja huko nyuma akapiga kigelegele, kirefu, chembamba, kikapanda hadi kwenye mbao za paa. Suala likawa limekwisha.

Najua wapo wasioliona limekwisha. Mzee mmoja wa kanisa kule kwetu, ninayemheshimu sana, aliniambia waziwazi: kanisa si ukumbi. Ukiita watu waje kusikiliza kwaya kama wanavyokwenda kutazama dansi, umeondoa madhabahu ukaweka jukwaa. Nimelichukua neno lake kwa uzito. Nyumba ya ibada ikishaanza kuuza tiketi kila wikiendi itajisahau, hilo naliona. Lakini naomba wazee wetu waangalie na upande wa pili. Katikati ya jiji hili sanaa imekosa pa kukaa. Mama alikuwa akinitajia majumba ya sinema ya zamani, Avalon, Empire, Empress, kama mtu anayetaja ndugu waliohama. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambako mchoraji na mchongaji George Lilanga alifanya kazi kabla dunia haijamjua, haipo tena pale ilipokuwa. Kilichosimama kila mahali ni ghorofa za vioo. Wapi mtoto wa Magomeni ataisikia sauti ya mtu isiyopita kwenye waya?

Na kwaya, tusisahau, ndiyo shule ya muziki ambayo nchi hii imekuwa nayo bila kulipia ada. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na mwimbishaji wa kwaya kule Johannesburg, alitunga mwaka 1897 tuni ambayo Tanganyika iliichukua kuwa wimbo wa taifa ilipopata uhuru 1961. Ulikuwa wimbo wa kanisa. Tuni tunayosimamia wima na mikono ubavuni ilikuwa imekwisha tungwa mwaka mmoja kabla jiwe la kwanza la Azania Front halijawekwa, na ilitungwa na mtu wa mazoezi ya jioni kama huyu mwembamba wa mikono mirefu. Mlinzi mwenye fulana ya kampuni, aliyekuja moja kwa moja kutoka lindo, anaweza kusoma sauti nne kwenye karatasi. Nani alimfundisha? Hakuna chuo kilichomtaka. Alifundishwa Jumanne na Alhamisi, bure, na mwalimu asiyelipwa. Mtu wa namna hiyo akipewa nyumba ya kuimbia inayomrudishia sauti yake ikiwa nzuri kuliko alivyoitoa, mimi sioni madhabahu imeondolewa. Naona imepata kazi.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja, kitenge cha bluu, fimbo ameiegemeza kwenye benchi la mbele. Tangu mwanzo nilisikia kama nyuki karibu na bega langu. Nilipotega sikio nikatambua: alikuwa akiimba. Midomo imefungwa, lakini anaimba, na si tuni ile wanayoishika watu wote. Ni ile ya chini yake, inayosogea kidogo tu, inayokaa nota moja wakati wengine wanapanda. Niliijua sauti hiyo. Ndiyo iliyokuwa ikipika, ikifua na kufagia nyumbani kwetu. Kwa miaka yote nilidhani mama anaimba nyimbo vibaya, maana hazikufanana na za redioni. Alikuwa akiimba sehemu yake, wenzake hawapo.

Ilipofika mapumziko nikamwamkia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kumbe uliwahi kuimba kwaya?"

"Naimba," akasema. "Sijaacha."

Nikamtolea ile karatasi. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akapitisha ukucha kwenye mstari uliopigwa penseli. Ukucha ulipofika kwenye kistari kirefu ulisimama, ukahesabu mbili, ukaendelea. Hakuuliza ya nani. Alisema tu, "Huyu alikuwa anajua pa kupumua." Kumbe vile vialama vidogo vya penseli, vinavyofanana na koma, ambavyo mimi nilidhani ni uchafu, vilikuwa pumzi za mama. Nikavihesabu baadaye. Ni kumi na moja.

Tulitoka saa mbili na nusu. Nje watu walikuwa hawataki kuondoka, wamesimama makundi makundi kwenye ngazi, wengine wakiimba tena vipande. Mhudumu alikuwa akifunga madirisha moja baada ya jingine. Mwalimu wa kwaya nilimwona amekaa chini kwenye ukingo wa ukuta, anakunywa maji ya chupa kwa pupa, shati limelowa lote. Nilimpa mkono, nikashindwa kusema, akanishukuru yeye.

Bibi alikuwa anakwenda Kigamboni, nikajitolea kumsindikiza hadi feri. Tulitembea polepole na fimbo yake, bandari upande wa kulia, taa za meli zimejipanga juu ya maji. Geti lilikuwa limefungwa, pantoni bado iko ng'ambo. Tukasimama katikati ya umati, mikokoteni, bodaboda, mtu na kreti yake ya mayai.

"Tuni yake unaijua?" akauliza. Alikuwa bado na karatasi yangu mkononi.

Nikasema naijua sauti ya kwanza tu, ile ya kila mtu.

"Basi ishike hiyo. Usinifuate mimi. Hata ukisikia naenda pengine, wewe baki kwako."

Nikaanza, nikitetemeka, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa. Akaingia chini yangu, palepale alipokuwa akikaa mama. Mara mbili nilimfuata, akanigonga mkono kwa kidole, nikarudi. Mwenye mayai aligeuka, akatutazama, akanyamaza. Tulikuwa kwenye ubeti wa pili geti lilipofunguliwa, na watu wote wakaanza kukimbia.